Mzee wangu, kipande cha gazeti cha 2002 na theluji ya Kilimanjaro iliyogoma kuisha: nani alitudanganya?

#1 MtuWaKibosho (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Mzee wangu ana kipande cha gazeti amekibandika ukutani juu ya kochi lake, kati ya kalenda ya kanisa na picha ya harusi ya dada. Ni cha mwishoni mwa 2002. Karatasi imegeuka rangi ya chai na pembe moja imeliwa na mende, lakini kichwa cha habari bado unakisoma ukiwa mlangoni: theluji ya Mlima Kilimanjaro kutoweka kati ya 2015 na 2020.

Asubuhi mlima ukijifungua (wa Moshi mnaijua ile saa, kabla mawingu hayajaufunika), mzee anatoka na kikombe chake, anasimama uani na kuangalia juu. Kama usiku kulinyesha, Kibo, kile kilele kikuu, inakuwa nyeupe mpaka mabegani. Hapo ananiita kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi ya kihamba (shamba la ukoo): "Njoo umwone marehemu wenu kaamka."

Nimebishana naye miaka mitatu, nimeshindwa. Yeye anatumia macho, mimi natumia maneno ya redio. Na tangu 2020 ipite, hataki kusikia kitu chochote chenye neno tabianchi. Wakitangaza mvua kubwa zinakuja, "ni walewale". Bwana shamba akija kuongea habari za kahawa, "ni walewale". Novemba 2022 UNESCO walitoa ripoti kwamba barafu ya Kilimanjaro itakuwa imekwisha ifikapo 2050. Mimi mwenyewe ndiye niliyemsomea kwenye simu. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema: "Wameomba kuongezewa muda, kama mkopo wa SACCOS."

Kinachoniuma ni hiki. Mzee huyuhuyu ni katibu wa mfongo wetu (mfereji wa kumwagilia), na ana daftari la zamu za maji. Miaka ya tisini zamu yetu ilikuwa inarudi baada ya siku sita. Sasa hivi ni kumi na tatu. Kahawa, pale alipokuwa anavuna magunia saba, mwaka jana kapata mawili. Zamani alilala na mablanketi mawili, leo moja linamtosha na juu ametundika chandarua. Haya yote anayasema kwa kinywa chake. Ila ukithubutu kumwambia "Mzee, si ndiyo hayo mabadiliko ya tabianchi", anakunyooshea kidole ukutani.

Sasa naomba wenye ujuzi. Wanasayansi walikosea, au gazeti ndilo lilituharibia mzee? Karibuni, matusi hapana.

#2 Binti Pasua

Nimeweka mkeka hapa. Mzee wako namwelewa sana.

#3 Mzalendo Halisi

Mkuu, mzee wako ni msomi kuliko maprofesa. Hii biashara ya tabianchi ni ya wazungu. Kwanza wanakutisha, halafu wanakuja kukuuzia. Leo wanauza mpaka hewa, wanaiita hewa ukaa, eti unalipwa kwa kaboni inayotunzwa na misitu na malisho yako. Toka lini hewa ikauzwa?

Na kama mnabisha, mwaka 2007 Mahakama Kuu ya London iliamua wazi kuwa mambo ya theluji ya Kilimanjaro hayana uthibitisho. Ni ile kesi ya filamu ya joto la dunia ya Al Gore, aliyekuwa makamu wa rais wa Marekani. Jaji wao wenyewe, mzungu wao wenyewe. Magazeti yetu hayakuandika hilo, kwa nini?

#4 Mgumu Mstaafu

Nimebeba mizigo mlima huo miaka kumi na nne kuanzia 2003. Njia za Machame, Marangu, Lemosho, zote nimezimaliza na magoti yangu yanajua. Mimi si mwanasayansi, ila ngoja niseme ninachokijua.

Gazeti la mzee wako liliweka vitu viwili kwenye chungu kimoja. Theluji ni ile inayoanguka usiku kama unga. Ukilala kambi ya Barafu (inaitwa Barafu, na hapo kambini hupati barafu hata ya kuweka kwenye soda) unaweza kuamka hema limeelemewa, unalipiga kwa mkono kutokea ndani ndipo linyanyuke. Saa tano jua limeshapiga, unga wote umekwenda. Kesho ukinyesha tena unarudi. Hiyo ndiyo theluji. Hiyo haina umri.

Barafu ni kitu kingine kabisa. Barafu ni ukuta. Ukitoka Stella Point, ukingoni mwa kasoko, kwenda kilele cha Uhuru, mkono wako wa kushoto unaiona imesimama kwa urefu wa ghorofa, ubavu umekatwa wima kama boflo lililopitishwa kisu. Ukiisogelea unaona mistari mistari, rangi ya bluu kwa ndani. Hiyo haianguki usiku mmoja, ni ya mababu. Na hiyo ndiyo inayokwisha. Kuna kipande kimoja kinaitwa Furtwängler, kiko humo ndani ya kasoko. Nilipoanza kazi kilikuwa kimoja. Miaka michache tu baadaye kilipasuka katikati, vikawa viwili. Wagumu (ndivyo tunavyoitwa wabeba mizigo) tulikuwa tunataniana kwamba kimegawanyiwa urithi.

Kwa hiyo mzee wako anaangalia unga, na gazeti lilitakiwa liseme ukuta. Kutoka Kibosho kwa macho huwezi kutofautisha, vyote ni vyeupe.

#5 MtuWaKibosho

Mgumu, umenipiga butwaa. Miaka yote nasema theluji, theluji. Hata shuleni tuliimbishwa theluji.

#6 Mwalimu wa Zamu

Nafundisha jiografia hapa Moshi, naomba nimalizie alipoachia Mgumu Mstaafu maana kaeleza vizuri kuliko kitabu.

Habari iliyo kwenye ukuta wa mzee asili yake ni utafiti wa Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Ohio State, uliochapishwa Oktoba 2002. Yeye na wenzake walitoboa barafu ile mwaka 2000 na kutoa nguzo zake kwenda kuzisoma. Vipimo vyao vilionyesha kwamba mwaka 1912 barafu ya Kibo ilikuwa kama kilomita za mraba 12, na mwaka 2000 zimebaki kama 2.5. Wakasema: hali ikiendelea kama ilivyo, huenda mabaki yakaisha kati ya 2015 na 2020. Watafiti wengine walikuja kupima kwa picha za 2011 wakakuta 1.76.

Sasa tazameni safari ya sentensi hiyo. Ilipoondoka kwenye jarida la sayansi ilikuwa na "ikiwa" na "huenda". Ilipopita kwenye mashirika ya habari ya nje, "ikiwa" ikabaki njiani. Ilipofika chumba cha habari Dar es Salaam na kutafsiriwa usiku usiku, "huenda" nayo ikapotea, na "barafu" ikageuka "theluji". Kilichofika Kibosho ni ahadi yenye tarehe. Ahadi yenye tarehe isipotimia, aliyeahidi anaitwa mwongo.

Lakini nisiwabebeshe waandishi peke yao. Kutaja mwaka ni kishawishi hata kwa mwanasayansi. Mwaka unauza. Wangesema tu kwamba barafu ile imekuwa ikipungua tangu siku za Hans Meyer, aliyefika kileleni 1889, na inaendelea kupungua, leo hakuna mtu angekuwa na la kuwacheka.

Mzalendo Halisi, kesi unayoisema ipo kweli. Ila imalizie. Jaji Burton, Oktoba 2007, alisema filamu ile kwa jumla iko sahihi kuhusu dunia kupata joto, halafu akataja mambo tisa yaliyozidishwa au yasiyokubaliwa na wataalamu wote. Kilimanjaro lilikuwa mojawapo. Na hapo alikuwa na hoja. Wapo watafiti, akina Georg Kaser, walioeleza kwamba kule juu hewa iko chini ya nyuzi sifuri karibu muda wote, kwa hiyo sehemu kubwa ya barafu haiyeyuki kama siagi. Inakauka. Inatoka kuwa barafu inakuwa mvuke bila kupitia maji, kama shati linavyokauka kwa upepo wa kipupwe hata jua lisipowaka. Na inakauka kwa sababu hewa imekuwa kavu na theluji ya kuifunika ni haba. Theluji mpya ni kama kanga nyeupe, inarudisha jua lilikotoka. Kanga ikiondoka, barafu inakunywa jua lote. Ukavu huo ulianza mwishoni mwa karne ya 19, kabla magari hayajajaa duniani. Bado wanabishana ni kiasi gani cha hasara hiyo kinatokana na joto la dunia la sasa.

Wanachobishania ni kwa nini barafu yetu inaondoka kwa namna ile. Kwamba dunia inapata joto, hilo hawalibishanii. Akina Kaser walichosema ni kwamba Kibo si mfano mzuri wa kuonyesha joto la dunia. Na sisi waandishi na walimu tumeufanya ndio mfano pekee.

#7 Mzalendo Halisi

Mwalimu, asante kwa kukiri kwamba jaji alikuwa na hoja. Mengine nayasoma taratibu.

#8 Kalamu Kavu

Naomba niingie kama mshtakiwa. Ni mwandishi wa kujitegemea, Arusha, mwaka wa kumi na moja huu. Nalipwa kwa habari iliyotoka. Isipotoka, nimekula hasara ya nauli.

Niwape picha moja tu. Warsha ya tabianchi, hoteli moja hapa mjini. Wanahabari tumeitwa saa tatu, mgeni rasmi kaingia saa tano na nusu. Kasoma hotuba, katoka, na nusu ya wapiga picha wametoka naye. Baada ya chai akasimama mama mmoja mtafiti wa kahawa, hana hata maikrofoni nzuri. Akaeleza utafiti uliochapishwa 2015, uliochukua takwimu za kahawa ya arabika ya nchi hii tangu miaka ya sitini. Kinachoiumiza, akasema, ni joto la usiku zaidi ya lile la mchana. Kila joto la chini kabisa la usiku likipanda kwa nyuzi moja ya Selsiasi, hekta moja inapoteza karibu kilo 137. Nilinyanyuka kwenye kiti. Kwangu hiyo ndiyo ilikuwa habari!

Nikaandika. Lakini mnajua tunavyofundishwa: kikubwa kwanza, na kikubwa ni cheo. Aya ya kwanza mgeni rasmi, ya pili mgeni rasmi, ya tatu mwenyekiti wa kikao kamshukuru mgeni rasmi. Yule mama na usiku wake nikamweka aya ya saba. Nafasi ikawa ndogo, mhariri akakata kutoka chini, kama wanavyokata siku zote. Kesho yake nikaona jina langu chini ya kichwa: "Wananchi watakiwa kupanda miti." Pembeni picha ya mlima wenye theluji tele, ya kwenye maktaba yao, sijui ya mwaka gani.

Kosa la nani? La kwangu. Ningeanza na ule usiku. Ila hapo mgeni rasmi angeenda aya ya saba na simu ingepigwa.

#9 MtuWaKibosho

Kalamu Kavu, hiyo ya joto la usiku ndiyo naisikia leo. Yaani yale mablanketi mawili ya mzee na yale magunia saba vinaweza kuwa habari moja?

#10 Kahawa Chungu

Taratibu, mleta mada. Mimi nina kihamba Uru. Kahawa ya mzee wako ina mambo mengi. Miti mingi huku ni ya enzi za babu, ilipandwa vyama vya ushirika vikiwa na nguvu na hela ya kahawa inasomesha. Bei ilipoanguka watu waliacha kupogoa na kupulizia. Chulebuni, ule ugonjwa wa matunda ya kahawa, ikaingia, kutu ya majani ikaingia. Wengine wamekata mibuni wakaweka parachichi. Usimpe mzee jibu moja tena baada ya kuona jibu moja lilivyomuumiza. Joto la usiku limo, lakini halikuja peke yake.

Na lile daftari la mfongo pia. Kihamba cha babu yako kimegawanywa mara ngapi? Siku sita zikiwa kumi na tatu, huenda maji ni yaleyale ila midomo imeongezeka.

#11 MtuWaKibosho

Kweli kabisa, mkuu. Kihamba cha babu sasa kina nyumba tano. Hilo sikulifikiria.

#12 Mgumu Mstaafu

Na mkiongelea maji msifikiri yanatoka kwenye ile barafu. Hata ikiisha yote kesho, mfongo wa Kibosho hautakauka kwa ajili hiyo. Maji yetu mengi yanatoka msituni, kwenye mvua na ukungu unaokamatwa na miti. Huko juu kabisa ya msitu ile miti yenye ndevu inachuja ukungu kutwa. Oktoba 2020 moto ulipowaka karibu na kambi ya Mandara na kupanda juu, mimi nililia kuliko nilivyowahi kulilia Furtwängler. Watu walipigana nao zaidi ya wiki. Kwenye habari walihesabu moto umeunguza eneo gani, kisha wakahama. Hakuna aliyewaambia watu wa chini kwamba yale ndiyo matangi yenu ya maji yanaungua.

#13 Binti Pasua

Nina langu la lugha. Hili neno "tabianchi" nani alilichagua?

Nilikuwa nasikiliza redio moja hapa mjini, kipindi cha kupiga simu, mada ni mabadiliko ya tabia ya nchi, mtangazaji analitamka hivyo, kwa kulikata vipande. Akapiga baba mmoja, akasema kwa uchungu kabisa kwamba ni kweli tabia ya nchi imebadilika, vijana hawaamkii wakubwa, wasichana wanatembea nusu uchi, na ndiyo maana Mungu ameshika mvua. Mtangazaji akamshukuru kwa mchango mzuri, akaweka wimbo! Mtu wa pili akaanzia hapohapo alipoachia yule. Saa nzima imekwisha tunajadili sketi.

Yule baba hakuwa mjinga. Alisikia tabia, akasikia nchi, akajibu alichoulizwa. Bibi yangu anasema "majira yamegeuka" na kila mtu mezani anaelewa bila semina.

#14 Mtumishi

Binti, usicheke. Mwanzo sura ya 8, Mungu alimwahidi Nuhu kwamba majira ya kupanda na kuvuna hayatakoma. Sasa nani anatisha watu kwamba majira yanabadilika? Yakibadilika, mwanadamu atazame dhambi zake.

#15 Binti Pasua

Mtumishi, shikamoo. Ahadi ni kwamba hayatakoma. Haikusema masika itaanza wiki ileile kila mwaka. Na kama ni dhambi, basi kuchoma msitu tuiweke kwenye orodha, maana kanisani kwetu watoto wa kipaimara wanapandishwa miti kila mwaka na sijasikia mtu akiungama kuikata.

#16 Mtumishi

Marahaba. Hilo la msitu nakubali.

#17 Morani wa Longido

Nyie wa mlimani mna bahati, mnabishania weupe. Sisi huku tunaangalia majani. Ukame wa 2009 nilikuwa kijana, nilihesabu ng'ombe wa baba kila jioni mpaka ikawa haina haja ya kuhesabu. Mizoga ilikuwa barabarani kuelekea Namanga. Habari zilikuja, kamera zilikuja, nyingine zilikuja na maswali ya kuudhi: kwa nini hampunguzi mifugo? Baba alijibu, "Imeshapunguzwa."

Wazee wetu hawabishi kwamba mambo yamegeuka. Hakuna Mmaasai utakayemshawishi kwamba hayajageuka, wala wa kumfundisha. Ila hawaunganishi na moshi wa viwanda vya watu wa mbali, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuwaeleza kwa Kimaasai kwamba joto la dunia limeshapanda zaidi ya nyuzi moja tangu enzi kabla ya viwanda, na kwamba waliolipandisha si sisi. Wanaambiwa tu: ninyi na ng'ombe wenu mnaharibu mazingira. Halafu anakuja mtu na mkataba wa hewa ukaa anataka saini. Hapo namwelewa hata Mzalendo Halisi.

#18 Mzalendo Halisi

Nilijua tutakutana tu, morani. Hoja yangu ya msingi ndiyo hiyo. Aliyechafua analipwa kuwa mwalimu wetu.

#19 Mwalimu wa Zamu

Morani, ulichosema kinaendana na kipimo kimoja ninachowaonyesha wanafunzi. Afrobarometer, wale watafiti wa maoni ya wananchi, walizungukia nchi 34 za Afrika kati ya 2016 na 2018. Watu 58 kati ya 100 walisema wamewahi kusikia habari ya mabadiliko ya tabianchi. Lakini walioyaelewa kwa ukamilifu, maana yake wanajua yana madhara na wanajua mwanadamu ana mkono ndani yake, ni 28 tu kwa 100. Neno lilikuwa limefika, maana ikabaki njiani.

Na tusiazime ugomvi wa Marekani. Kule tatizo lilikuwa lingine. Kuna utafiti wa 2004 uliosoma magazeti makubwa manne ya Marekani kuanzia 1988 hadi 2002, ukakuta zaidi ya nusu ya habari zilimpa anayepinga nafasi sawa na mwanasayansi, eti usawa wa kihabari. Msomaji akabaki anadhani wataalamu wamegawanyika nusu kwa nusu. Kwetu hapa sijaona gazeti likimleta mpingaji. Kwetu mpingaji anazaliwa nyumbani, kwenye kochi, baada ya gazeti lenyewe kuahidi na kukosa.

#20 Soko la Kilombero

Niko Arusha mjini. Nyongeza ndogo kuhusu TMA, yaani Mamlaka ya Hali ya Hewa. Mnakumbuka Agosti 2023 walisema vuli itakuwa na El Nino, mvua juu ya wastani? Sokoni tulicheka. Septemba jua kali, mtu akitoa jasho tunamwambia "hiyo ndiyo El Nino yako". Tarehe 3 Desemba mji wa Katesh ukafunikwa na tope la Mlima Hanang. Kicheko kikakata.

Na bado. Aprili 2024, gari la shule lilisombwa korongoni kule Muriet, watoto wakafa. Mtaani kwetu mjadala wote ulikuwa dereva. Sawa, dereva. Lakini hakuna redio niliyosikia ikieleza kwa nini korongo ambalo miezi kumi ni njia ya mbuzi linaweza kujaa kwa nusu saa, wala wastani wenyewe ni nini. "Wastani hadi juu ya wastani." Ukimuuliza mama muuza nyanya wastani ni kiasi gani, atakwambia ni pale maji yasipoingia dukani.

#21 Kalamu Kavu

Hahaha, ndiyo tafsiri bora niliyowahi kusikia. Wastani wao ni wa miaka thelathini ya vipimo. Hatuandiki hivyo kwa sababu hatujawahi kuuliza. Tunapokea taarifa, tunabandika.

MtuWaKibosho, nina ombi. Lile daftari la mfongo. Kahawa Chungu yuko sahihi kwamba lina mambo mawili ndani yake, maji na midomo. Lakini kama mzee ameandika tarehe mfongo ulipokauka na tarehe mvua ya kwanza ilipofika, hilo haliwezi kubadilishwa na midomo kuongezeka. Naomba kuja kuliona.

#22 MtuWaKibosho

Ameandika. Kila mwaka, kwa kalamu nyekundu. Ila ana donda. Zamani kidogo alikuja mwandishi mmoja na kamera, akamtoa kwenye ngazi alipokuwa anakata ndizi, akamsogeza kushoto, akamsogeza kulia mpaka mlima ukae nyuma ya bega lake. Akamuuliza, "Mzee, theluji imepungua?" Mzee akaanza kueleza habari ya mfongo, kaeleza dakika kumi na tano. Kwenye taarifa ya habari akatokea sekunde nne: "Imepungua sana." Basi. Tangu siku ile anasema yeye alitumika kama kigingi cha kuegemeza mlima.

Nitamuuliza.

#23 Binti Pasua

Sekunde nne kwa dakika kumi na tano! Usitukimbie, tunasubiri majibu.

#24 MtuWaKibosho

Wakuu, samahani kwa kukawia, tulikuwa na msiba ukoo wa mama.

Jumapili baada ya ibada nilimsomea mzee uzi wote, kuanzia namba moja. Mtori ukapoa mezani. Kwa Mzalendo Halisi aligonga kochi kwa kuunga mkono. Kwa yule baba wa sketi akasema huyo anamfahamu (hamfahamu). Kwa Kahawa Chungu alinyamaza, halafu akasema nyumba si tano, ni sita, nimesahau ya kwangu.

Nilipofika kwa Mgumu Mstaafu akaniambia rudia. Nikarudia. Akaniambia rudia tena pale kwenye ukuta.

"Huyo aliyeandika, amefika juu mwenyewe?"

"Miaka kumi na nne, Mzee."

"Anabeba au anaongoza?"

"Alikuwa anabeba."

"Basi huyo anajua."

Kuhusu Kalamu Kavu, amekubali kwa masharti: aje siku isiyo ya zamu, aje bila kamera, na asimwombe kusimama popote. Daftari atalisoma akiwa amekaa. Halitoki nyumbani.

Baadaye nilipokuwa nawasha taa ya uani nilimkuta amesimama juu ya kochi na viatu, jambo ambalo sisi tulichapwa kwalo. Ana ile kalamu nyekundu. Kwenye kichwa cha habari amekata neno "theluji" kwa mstari mmoja, juu yake kwa mwandiko wa katibu ameandika "barafu". Kipande hajakibandua. Ile 2020 ameizungushia duara mara mbili.

#25 Mgumu Mstaafu

Mzee anywe mbege kwa hesabu yangu.

#26 Kahawa Chungu

Kalamu Kavu, ukienda Kibosho pita kwanza Uru. Na mimi nina daftari.